Kukinga, kutibu, kuponya: kitunguu saumu na saratani kati ya maabara na Kiswahili chetu

Mtu akisema "kitunguu saumu ni dawa ya saratani", amesema nini hasa? Huenda anakusudia kwamba anayekila hataugua. Huenda anakusudia kwamba mgonjwa akikitumia atapata nafuu, au kwamba atapona kabisa. Kiswahili kina kitenzi kwa kila dai: kukinga, kutibu, kuponya. Lakini nomino "dawa" huyabeba yote matatu kwa mkupuo mmoja, na juu yake hubeba dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu na dawa ya mapenzi. Neno hilo halimdai msemaji aonyeshe ushahidi wowote.

Katika makala haya nitayafuata madai hayo matatu moja baada ya jingine, nikiuliza utafiti umefika wapi kwa kila moja. Mimi ni mwanafunzi wa isimu ya lugha za Kiafrika, si wa tiba. Hata hivyo, habari za kitunguu saumu na saratani hutufikia kwa Kifaransa na Kiingereza, kisha huingia katika Kiswahili kwa midomo na kalamu zetu sisi tuliosoma lugha. Tukitafsiri ovyo, anayelipa ni mgonjwa.

1. Majina kwanza

Mmea wenyewe wataalamu huuita Allium sativum. Jamaa zake wa karibu ni kitunguu maji na liki. Jina "kitunguu saumu" limewapotosha wengi, kwa kuwa wasikiapo "saumu" hukumbuka mfungo. Kwa kweli maneno mawili ya Kiarabu yamekutana katika sauti moja. Saumu ya mfungo imetoka kwenye sawm. Saumu ya jikoni imetoka kwenye thum, jina la kitunguu hicho kwa Kiarabu, na ndiyo maana baadhi ya watu wa pwani husema bado "kitunguu thomu". Badiliko la th kuwa s tunalijua pia katika thumuni na sumuni. Kwetu Lubumbashi neno hilo halisikiki sana sokoni. Wauzaji wengi husema "ayi", kutoka Kifaransa.

Ugonjwa nao una majina yake. "Saratani" ni neno la Kiarabu la kaa, yule mnyama wa majini mwenye magando. Kilatini cancer na Kigiriki karkinos yana maana hiyo hiyo, kwa hiyo saratani, kansa na kansere ni mnyama mmoja aliyetufikia kwa njia mbalimbali. Tatizo la majina haya ni kwamba yanatufanya tudhani ugonjwa ni mmoja. Saratani ni jina la kundi la magonjwa mengi. Yote yana jambo moja la pamoja: seli zinazogawanyika bila kutii amri za mwili na kuvamia sehemu nyingine. Ila saratani ya tumbo, ya ini, ya mlango wa kizazi na ya damu zina visababishi tofauti na matibabu tofauti. Sentensi inayosema "kinaponya saratani" bila kutaja ni ipi imekwisha kosea kabla hatujafika kwenye kitenzi.

2. Kinachotokea jino linapopondwa

Jino zima la kitunguu saumu halinuki sana. Harufu huja tunapolikata au kulitwanga, na hapo ndipo kemia yake yote ilipo. Ndani ya seli za jino kuna kiwanja chenye salfa kiitwacho alini. Katika chumba kingine cha seli hizo hizo kumewekwa kimeng'enya kiitwacho alinezi. Kinu kikizipasua kuta, vitu hivyo viwili hukutana na katika muda mfupi sana huzaliwa alisini, ile yenye ukali unaotoa machozi. Kwa mmea hii ni silaha: mdudu anayeng'ata ndiye anayeichanganya sumu yake mwenyewe.

Historia ya viwanja hivi ni ndefu. Mwaka 1844 mkemia Theodor Wertheim alikeneka mafuta ya kitunguu saumu kwa mvuke, na sehemu ya molekuli aliyoikuta akaiita alili, kwa kufuata jina la Kilatini la mmea, Allium. Mwaka 1944 Chester Cavallito na John Hays Bailey, nchini Marekani, waliitenga alisini na kuonyesha kwamba inaua bakteria. Miaka michache baadaye Arthur Stoll na Ewald Seebeck, nchini Uswisi, waliitambua alini na kazi ya kimeng'enya chake.

Alisini haidumu. Ikikaa, ikipikwa au ikiingia katika mafuta, hugeuka kuwa viwanja vingine: dialili sulfidi, dialili disulfidi, dialili trisulfidi, ajoeni. Kitunguu saumu kilicholowekwa kwa miezi mingi hutoa kingine tena, S-alili-sisteini, kinachoyeyuka katika maji. Kwa hiyo jino bichi, sombe iliyoungwa, mafuta ya chupani na kidonge cha duka la dawa ni vitu vinne tofauti kikemia, ingawa vyote vina jina moja. Mwanaisimu angesema kwamba kitajwa kimebadilika, jina likabaki.

Jambo moja la jikoni limepimwa. Mwaka 2001 Song na Milner walionyesha kwa panya kwamba sekunde 60 katika tanuri la mikrowevu ziliua uwezo wa kitunguu saumu wa kuzuia sumu fulani ya saratani isijishike kwenye DNA. Sababu ni kwamba joto huharibu kimeng'enya kabla hakijafanya kazi. Kilipopondwa na kuachwa dakika 10 kabla ya kupashwa moto, sehemu ya uwezo huo ilibaki. Atakaye kufuata hilo nyumbani hapotezi kitu: aponde kwanza, akachambue mboga, kisha ndipo atie sufuriani.

3. Seli, panya, mtu

Dai kwamba kitunguu saumu "kinaua seli za saratani" lina msingi. Mwaka 1957 Austin Weisberger na Jack Pensky waliandika katika jarida la Science kwamba seli za uvimbe zilizochanganywa na kiwanja kilichotokana na kitunguu saumu, kisha zikadungwa kwa panya, zilishindwa kuota uvimbe. Tangu hapo maabara nyingi zimeeleza njia zinazowezekana. Dialili sulfidi huzuia kimeng'enya cha ini ambacho hugeuza kemikali fulani kuwa sumu za saratani. Viwanja vingine huamsha vimeng'enya vinavyofunga sumu na kuzitoa mwilini. Dialili trisulfidi husimamisha mgawanyiko wa seli za saratani na kuzisukuma zijiue. Alisini huua, katika bakuli la maabara, bakteria Helicobacter pylori, ambayo mwaka 1994 ilitangazwa rasmi kuwa kisababishi cha saratani ya tumbo.

Angalieni maneno "katika bakuli la maabara". Kisarufi ni kielezi tu, na kielezi ndicho kitu cha kwanza kudondoka habari inapopita mdomo hadi mdomo. Kikidondoka, sentensi hubaki na sarufi safi na maana nyingine kabisa. Katika bakuli, kiwanja huwekwa moja kwa moja juu ya seli, kwa kiasi ambacho mtafiti amekipanga. Ndani ya mtu, kiwanja hicho hicho lazima kipite tumboni, kwenye utumbo, ndani ya ini na katika damu, na alisini huvunjika njiani kabla ya kufika mbali.

Mfano mzuri ulitoka Marekani mwaka 1999. David Graham na wenzake waliwapa watu wachache wenye H. pylori meno 10 ya kitunguu saumu kibichi yaliyokatwakatwa, kisha wakapima kazi ya bakteria tumboni. Haikupungua. Dawa ya bizmathi, iliyojaribiwa katika utafiti huo huo, iliipunguza waziwazi. Bakteria ni ile ile na kitunguu ni kile kile, ila bakuli na tumbo ni mahali pawili.

4. Linqu: swali moja, miaka 30

Ili kulijibu dai la kukinga inabidi kuwatazama watu wengi kwa muda mrefu. Mahali palipofanyiwa kazi hiyo kwa uvumilivu mkubwa zaidi ni wilaya ya Linqu, katika jimbo la Shandong, nchini China. Shandong hulima kitunguu saumu kwa wingi, na Linqu ina wagonjwa wengi mno wa saratani ya tumbo.

Mwaka 1989 You na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na wagonjwa 564 wa saratani ya tumbo na watu 1,131 wasio na ugonjwa huo. Waliwauliza walichokula. Waliokula vitunguu vya aina zote kwa wingi zaidi walikuwa na 40% tu ya hatari waliyokuwa nayo wale waliokula kidogo zaidi.

Hapa mtafsiri asimame kidogo, kwa sababu neno "hatari" ni mtego. Katika Kiswahili cha kila siku hatari ni simba, ni barabara mbovu, ni waya wa umeme ulioanguka. Ipo au haipo. Katika takwimu ni hesabu: wangapi wanaugua, kati ya wangapi, katika muda gani. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kwamba katika mji fulani watu 10 kati ya 1,000 huugua katika miaka 20. Hatari ya 40% ingekuwa watu 4 kati ya 1,000. Watu 990 wasingeugua hata kama wasingekionja kitunguu, na watu 4 wangeugua ingawa walikila kila siku. Anayetafsiri "ilipunguza hatari" kwa "hataugua" amewafuta hao wanne.

Tena, utafiti wa mahojiano una udhaifu wake. Mgonjwa wa tumbo huenda aliacha kitunguu saumu miaka mingi kabla ya kugunduliwa, kwa sababu kilimchoma. Mlaji wa mboga nyingi huenda pia anakula chumvi kidogo au havuti sigara. Kitunguu kinaweza kuwa sababu, na kinaweza kuwa jirani wa sababu.

Ndiyo maana mwaka 1995 watafiti walirudi Linqu na jaribio la kweli. Watu 3,365 waligawanywa kwa kura. Baadhi walipewa vidonge vya kitunguu saumu, wengine vitamini C na E pamoja na seleniamu. Waliokuwa na dalili za H. pylori, baadhi yao walipewa amoksilini na omeprazoli kwa wiki mbili. Wa kulinganishwa nao walipewa vidonge vinavyofanana lakini visivyo na kitu. Vidonge vya kitunguu na vya vitamini viliendelea kwa zaidi ya miaka 7.

Matokeo ya kwanza, ya mwaka 2006, yaliwavunja moyo wapenzi wa kitunguu: hakikuonyesha faida yoyote juu ya vidonda vinavyotangulia saratani wala juu ya saratani yenyewe. Mwaka 2012, baada ya karibu miaka 15, ni zile wiki mbili za dawa za bakteria zilizoonyesha kupunguza saratani ya tumbo, kwa 39%. Kisha mwaka 2019, baada ya miaka 22, ripoti mpya ilileta habari ya tatu. Idadi ya walioougua katika kundi la kitunguu saumu ilikuwa chini kidogo, kiasi ambacho bahati peke yake ingeweza kukieleza. Lakini vifo vya saratani ya tumbo katika kundi hilo vilikuwa vichache zaidi kwa kama theluthi moja. Dawa za bakteria na vitamini zilipunguza vyote viwili, kuugua na kufa.

Je, kitunguu saumu kinakinga? Kwa saratani ya tumbo, Linqu inatupa "huenda". Kwa saratani ya utumbo mpana, historia inapinda vivyo hivyo. Mwaka 1994, kati ya wanawake wa Iowa, nchini Marekani, waliokula kitunguu saumu waliugua kwa nadra zaidi. Nchini Uholanzi, katika utafiti wa watu 120,852, waliotumia vidonge vyake hawakuonyesha kinga. Mwaka 2007 Mfuko wa Dunia wa Utafiti wa Saratani uliandika kwamba kitunguu saumu yaelekea kinakinga utumbo mpana. Katika ripoti yao ya 2017 hakikuwekwa tena katika ngazi hiyo. Na mwaka 2009 Kim na Kwon, walioupima ushahidi kwa kanuni za mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, hawakukuta ushahidi wa kuaminika kwa saratani za tumbo, matiti na mapafu. Kwa utumbo mpana, tezi dume na chache nyingine waliuita mdogo sana.

5. Jamaa wa jirani: kabichi, karanga na kidonge kilichodhuru

Kitunguu saumu hakiko peke yake. Kabichi, brokoli na haradali zina silaha ya mtindo ule ule: glukosinolati katika chumba kimoja, kimeng'enya mirosinezi katika kingine, na jani linapotafunwa vinakutana. Mwaka 1992 kundi la Paul Talalay, mjini Baltimore, lilitenga katika brokoli kiwanja sulforafani, kinachoamsha vimeng'enya vya kusafisha sumu.

Katika eneo la Qidong, nchini China, watu 291 walikunywa kinywaji cha machipukizi ya brokoli, au kinywaji cha kulinganisha, kwa wiki 12. Matokeo yalitoka 2014: wanywaji wa brokoli walitoa katika mkojo benzini iliyofungwa kwa 61% zaidi. Hilo ni jambo zuri, lakini kilichopimwa ni mkojo. Saratani haikupimwa.

Qidong inatuhusu kwa sababu nyingine. Huko saratani ya ini imesababishwa kwa kiasi kikubwa na mambo mawili tunayoyajua hapa: virusi vya hepatitisi B, na aflatoksini, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu. Vikikutana katika mtu mmoja, hatari huzidishwa. Kwa hiyo mama anayeanika karanga zikauke barabara, anayetupa zile zenye ukungu badala ya kuzisaga, na anayempeleka mtoto kuchanjwa hepatitisi B, anafanya kinga ya saratani yenye ushahidi mzito kuliko jino lolote la kitunguu. Tatizo ni kwamba hakuna anayeiita "dawa".

Kuna pia fundisho chungu. Watu wanaokula mboga na matunda yenye betakarotini, ile rangi ya karoti na ya mawese mekundu, walionekana kuugua saratani ya mapafu kwa nadra. Nchini Finland wavuta sigara wa kiume 29,133 walijaribiwa, baadhi wakipewa betakarotini ya vidonge. Mwaka 1994 matokeo yalionyesha kwamba waliomeza betakarotini waliugua saratani ya mapafu zaidi, kwa 18%. Kiwanja kinachopatikana katika mboga njema kiligeuka madhara kilipotengwa na kupewa kwa wingi watu wasiofaa. Tangu hapo, kauli "ni ya asili, haina madhara" haifai tena kuwa hoja.

6. Kutibu na kuponya

Sasa tufike kwenye vitenzi viwili vilivyobaki. Jibu lake ni fupi: hakuna jaribio la watu lililoonyesha kwamba kitunguu saumu, kibichi au cha kidonge, kimeponya saratani yoyote au kimeweza kushika nafasi ya upasuaji, mionzi au dawa za hospitali.

Mwaka jana mama mkubwa wangu, aliyekuwa akitibiwa saratani, aliletewa ujumbe wa sauti kwenye simu. Sauti ya mwanaume, Kiswahili cha Lubumbashi kitupu, ilisema: "Ayi inaponyeshaka kansere." Aliniita akaniuliza: "Mutoto yangu, weye unasomaka. Hii maneno ni ya kweli? Niache kwenda kule?" Alikuwa na miadi Jumatatu.

Nilimsikiliza kama mpwa, kisha nikaisikiliza ile sentensi kama mwanaisimu. Kiambishi -ka mwishoni mwa kitenzi, ambacho Kiswahili sanifu hakina katika matumizi hayo, hueleza jambo la kawaida, linalotokea siku zote. "Iliponyesha" ingekuwa habari ya mtu mmoja, mahali fulani, na msikilizaji angeweza kuuliza: nani? lini? "Inaponyeshaka" imefunga mlango wa maswali hayo. Imelifanya tukio kuwa sheria ya dunia. Nilimwambia: "Mama, huyu hakusema aliona nani. Kula ayi katika mboga, haina neno. Jumatatu twende wote." Tulikwenda. Kule munganga alimwambia jambo ambalo sauti ya kwenye simu haikulitaja: vidonge vya kitunguu saumu huzuia chembe za damu zisigande vizuri, na mtu anayengojea upasuaji anapaswa kuviacha.

Zaidi ya damu, kuna mgongano na dawa. Mwaka 2002 ilichapishwa kwamba vidonge vya kitunguu saumu vilishusha kwa kama nusu kiasi cha sakwinaviri, dawa mojawapo ya VVU, katika damu ya waliojitolea kupimwa. Kitu chenye nguvu ya kusaidia kina nguvu ya kuharibu pia, kwa hiyo mgonjwa amtajie munganga kila kidonge na kila chupa anayotumia, hata ile ya sokoni. Kiasi kinachotiwa katika chakula si cha kuogopesha hivyo.

Lugha yenyewe inaweza kumchanganya mgonjwa hapa. Kwetu munganga ni daktari wa hospitali. Dar es Salaam, "mganga" wa kawaida ni yule wa mitishamba. Ushauri ulioandikwa Tanzania, "usimwendee mganga, nenda hospitali", ukisomwa Katanga bila kubadilishwa unaweza kusikika kinyume chake.

Haya yote hayasemi kwamba mimea haitibu saratani. Ua la Catharanthus roseus, asili yake Madagaska, linalopandwa kama pambo katika nyua nyingi, limetoa vinblastini na vinkristini, dawa zilizogunduliwa katika miaka ya 1950 na 1960. Hadi leo vinkristini hutibu watoto wenye saratani ya damu na wenye uvimbe wa Burkitt, unaojulikana sana katika Afrika ya kati. Lakini hakuna mtoto anayepewa majani ya ua hilo atafune. Kiwanja kilitengwa, kikapimwa, kikajaribiwa kwa wagonjwa, na hudungwa kwa miligramu, kwa maana kikizidi kinaua. Watu wa Bukavu wanalielewa hilo kuliko wengi: wana miti ya kwinini milimani na kiwanda cha Pharmakina mjini, nao wanajua tofauti kati ya gome na kidonge. Kitunguu saumu hakijaimaliza safari hiyo ya kutoka gome hadi kidonge. Bado kiko njiani.

7. Tuandikeje?

Kwa wenzangu watakaoombwa kutafsiri vipeperushi vya afya au kusoma habari redioni, napendekeza mambo manne.

Kwanza, tusianze na "dawa ya". Tuchague kitenzi: kinakinga, kinatibu, kinaponya, kinapunguza uwezekano. Kifaransa hutofautisha prévenir, traiter na guérir. Tukivipeleka vyote kwenye "dawa", kosa ni letu, maana Kiswahili kilikuwa na vitenzi tayari.

Pili, tusidondoshe kielezi. "Katika panya", "katika bakuli la maabara", "kwa watu wa Linqu" ni sehemu ya habari. Kama nafasi haitoshi, afadhali tukate kivumishi.

Tatu, tuchunge njeo. "Kilipunguza vifo katika jaribio moja" ni kweli. "Hupunguza vifo" ni dai kubwa zaidi. "Inapunguzaka" ni kubwa vilevile, na kwa masikio ya huku lina nguvu ya methali. Tunayo "huenda", tunayo "yaelekea", tunayo -nge-. Tuyatumie bila aibu.

Nne, mahali pa "hatari" tuweke watu: wangapi kati ya wangapi. Bibi asiyejua asilimia anajua kuhesabu watu kumi waliokaa kwenye benchi.

Kwa mfano, sentensi hii inaweza kusomwa redioni jinsi ilivyo: "Kitunguu saumu ni chakula kizuri. Huenda kinasaidia kidogo kukinga saratani ya tumbo, lakini watafiti bado hawajakubaliana. Hakijaonyeshwa kuponya saratani kwa mtu yeyote katika majaribio. Ukiwa mgonjwa, usiache matibabu, na mwambie munganga kama unameza vidonge vyake." Mahali pa munganga, msomaji wa Kenya au Tanzania aweke daktari. Wenzetu wa Kindu, Bunia na Kalemie watuandikie jinsi wanavyosema kwao "kupunguza uwezekano", kwa maana hapa Lubumbashi bado sijasikia neno moja ambalo wote wanalielewa.